Kelele au muziki? Arua na Koboko waipima albamu ya Duma

ARUA – Neno duma kwa msemaji wa Kiswahili ni mnyama wa porini mwenye mbio kuliko wote. Kwa Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wawili wa Nairobi waliolichagua liwe jina la bendi yao mwaka 2019, ni neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Kwenye steji moja ya bodaboda mjini hapa, maana zote mbili zilipata wafuasi ndani ya dakika 3. Dereva mmoja alisema mbio amezisikia. Mwenzake akasema giza nalo amelisikia, ila muziki bado anautafuta.

Albamu yenyewe, iliyopewa jina lilelile la bendi, ni mtoto halali wa jumuiya yetu hii. Sauti na gitaa ni za Wakenya. Ilirekodiwa Kampala katikati ya mwaka 2019, katika studio za Nyege Nyege, kundi lililoanzishwa na Mbelgiji Derek Debru na Arlen Dilsizian mwenye asili ya Ugiriki. Ikatolewa Agosti 2020 na kampuni yao ya Nyege Nyege Tapes, wakati wa janga la korona. Ina nyimbo 9, na mmoja unaitwa kabisa "Uganda with Sam". Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa sifa ambazo wasanii wetu wachache wamewahi kuzipata huko. Lakini katika watu wote niliozungumza nao West Nile kwa siku nne, hakuna aliyekuwa ameisikia, na ni wawili tu waliokuwa wamewahi kusikia jina la bendi.

Nilitaka kujua wasikilizaji wa hapa wangesema nini, watu wasiolipwa kusifu wala kuponda. West Nile si mahali pa kubahatisha katika jambo kama hili. Mtu wa Arua anasikiliza nyimbo za Kilugbara, za Kilingala zinazovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, za Kampala, za injili, na akipanda hadi Koboko anakutana na za Juba. Masikio yake yamezoea kuhama.

Kwanza nieleze ni muziki gani huu, kwa sababu wengi waliniuliza swali hilo kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha. Metali ni mtoto wa roki aliyekataa kunyamaza. Tawi lake liitwalo blaki metali, yaani metali nyeusi, lilipata jina kutokana na albamu ya bendi ya Kiingereza, Venom, iliyotoka mwaka 1982. Likachukua umbo lake kamili Norway miaka ya mwanzo ya 1990: gitaa linalopigwa noti moja mara nyingi upesi upesi hadi linavuma kama nyuki, ngoma zinazokwenda kasi ya kushinda mapigo 200 kwa dakika, na mwimbaji anayepiga mayowe badala ya kuimba. Huko Norway baadhi ya vijana wake walichoma makanisa, likiwemo la mbao la Fantoft karibu na Bergen, Juni 1992. Sifa hiyo mbaya haijawahi kuwatoka, hata kwa wenzao ambao hawajawahi kuwasha kiberiti.

Duma walichukua mayowe na kasi, wakaacha mpiga ngoma. Mapigo yao yanatoka kwenye kompyuta, yamerundikwa tabaka juu ya tabaka, na gitaa la Karugu limevurugwa sauti kiasi kwamba mara nyingine huwezi kujua linaishia wapi na mashine inaanzia wapi. Wapenzi wa metali wanaoshika kanuni wanabishana kama hii ni blaki metali kweli au ni kitu kingine kilichovaa koti lake. Wabishane. Arua hakuna aliyeniuliza cheti cha ukoo.

Kilichonishangaza mapema ni kwamba hukumu ya mtu ilitegemea chombo alichosikilizia kuliko umri au dini yake. Kwenye spika ndogo ya simu, albamu hii ni mchanga unaomwagwa juu ya bati. Basi linapotea, mapigo mazito yanapotea, kinachobaki ni mvumo wa juu na mtu anayelia. Waliosikia hivyo walisema kelele, na walikuwa na haki, kwa kuwa walichokisikia kilikuwa kelele. Nilipoingia kwenye duka moja la kutengeneza redio na spika karibu na soko, fundi akaunganisha simu yangu na spika kubwa mbili anazozikodisha kwa harusi, mambo yakabadilika. Mapigo ya chini yakatokea, na yalikuwa na mpangilio. Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama. Mmoja alisikiliza "Lionsblood" hadi mwisho, kisha akauliza kama hao vijana wana hasira na serikali au na baba zao.

Fundi huyo hupiga gitaa Jumamosi na bendi ya hoteli, na maoni yake ndiyo yaliyonifungua masikio zaidi. Alinikumbusha kwamba West Nile yote imekulia kwenye sebene ya Kongo, na sebene nayo ni gitaa la kasi, noti ndogondogo zinazokimbizana bila kupumzika. Kwa hiyo kasi peke yake haiwezi kumtisha mtu wa hapa. Tofauti, alisema, iko kwenye nafasi. Mpiga sebene huacha upenyo kati ya gitaa moja na jingine ili kiuno cha mchezaji kipite. Hawa wameziba kila upenyo. Alirudia sehemu moja mara tatu, akihesabu kwa kidole juu ya meza, akapoteza hesabu mara zote tatu, na mara ya tatu akacheka na kusema kwamba aliyepanga mapigo haya alikaa chini akayapanga, hayakumwagika tu. Hakuupenda muziki. Aliuheshimu, na alitaka nielewe kwamba hayo ni mambo mawili.

Mzee mmoja wa Kialur aliyehamia Arua zamani, mpigaji wa adungu kanisani na mtu anayezijua agwara, alikwenda mbali zaidi. Agwara, kwa msomaji wa mbali, ni baragumu la West Nile linalopulizwa kwa ubavu, na Waalur, Walugbara na jirani zao wanalo. Kila mpulizaji ana sauti yake moja tu. Hawezi kupiga wimbo peke yake. Wimbo unapatikana pale kundi zima linapopokezana, kila mtu akitumbukiza sauti yake kwenye nafasi yake, na ngoma zikienda chini yake. Mgeni akisimama pembeni anasikia vurugu. Akisimama katikati, anasikia wimbo. Mzee alisema wazungu wa kwanza waliosikia agwara bila shaka nao waliita kelele, na hakutaka yeye awe mzungu wa vijana wa Nairobi.

Basi nikampigia "Pembe 666". Alipenda jina, kwa sababu pembe ni pembe, ya ng'ombe au ya kupulizwa. Alisikiliza kwa hedifoni, macho yamefumbwa, mguu ukitafuta mahali pa kukanyaga. Mwishoni alisema kosa lake ni moja: kila mtu anapuliza kwa wakati mmoja. Katika agwara, anayenyamaza ndiye anayetengeneza wimbo.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu siku ile, na bado sikubaliani naye moja kwa moja. Nadhani kuna unyamavu ndani ya albamu hii, ila umefichwa. Katikati ya nyimbo kadhaa mapigo hukatika ghafla kwa kipande cha sekunde, na sauti ya Khanja inabaki peke yake kama mtu aliyesahauliwa ndani ya nyumba. Lakini ni kweli kwamba lazima uvumilie ili upate vipande hivyo, na si kila mtu ana deni la kuvumilia.

Namba 666 haikupita bila maneno. Arua ni mji wa kwaya, na mwalimu wa kwaya mmoja hakuhitaji kusikia wimbo. Ufunuo 13:18 ulimtosha. Hakukasirika. Alisema tu kwamba mtu anayeandika namba ya mnyama juu ya kazi yake asishangae milango ikifungwa, na kwamba vijana wake wawili tayari wana maswali mengi ya kiroho ya kujibu bila kuongezewa na Nairobi. Nilimweleza kwamba katika muziki huu namba hiyo imekuwa kama rangi ya jezi, wengi huivaa bila kuabudu chochote. Alijibu kwamba jezi nayo ni ahadi kwa timu.

Hofu yake haiko peke yake. Kundi lililotoa albamu hii ndilo linaloandaa tamasha la Nyege Nyege huko Jinja, na mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku kabla ya kulegeza kwa masharti. Septemba 2022 Bunge nalo likajaribu kulizuia, serikali ikaruhusu tena kwa masharti. Kwa wazazi wengi wa kaskazini jina hilo tu ni kesi, hata kabla ya gitaa kuguswa. Nilimwona baba mmoja akigeuza simu ya mwanawe uso chini mezani aliposikia nani waliotoa albamu.

Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa chini ya saa moja na nusu siku hizi, kwenye lami inayoendelea hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Koboko ni mji wa Wakakwa na Wanubi, na Kiswahili pale hakiombi ruhusa. Ni lugha ya soko, ya madereva wa malori na ya wazee waliopita jeshini. Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, Koboko hawakuona habari kubwa.

Nilitarajia kwamba mji wenye Waislamu wengi ungekuwa mkali zaidi juu ya mambo ya shetani. Haikuwa hivyo. Hajjati mmoja mwenye duka la vitenge, mama wa Kinubi aliyeniita mwanangu tangu salamu ya kwanza, alisikiliza nusu ya wimbo kwa adabu kamili, akaniuliza kama huyo kijana anayelia ana mama. Nikamwambia sijui habari za mama yake, ila kulia kule ni ufundi: waimbaji wa namna hii hujifunza kutumia nyama za juu ya koo badala ya nyuzi zenyewe za sauti, la sivyo wangekauka baada ya nyimbo mbili. Hajjati alikubali kwamba ni ufundi. Akasema hata anayelia msibani kwa kulipwa ana ufundi, na bado ukimsikia unauliza nani amekufa. Sharti lake lilikuwa moja: usiupige muziki huo karibu na magharibi, watoto wanapokusanywa ndani.

Siku iliyofuata, nyuma ya karakana ya pikipiki, palikuwa na watu sita wakisikiliza pamoja nami. Wawili walikuwa Wasudani Kusini waliovuka mwaka 2016, mwaka ambao vita vya Juba vya mwezi Julai vilisambaa kuelekea Yei na maelfu kwa maelfu wakamiminika kupitia njia hizi hizi. Kambi ya Bidibidi, wilaya jirani ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo, na katika miezi michache ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani, yenye watu zaidi ya 270,000. Mmoja wa wawili hao, mwanamke wa miaka kama 40 anayeuza chai pale karakana, aliinuka mayowe ya kwanza yalipotoka, akaondoka na birika lake. Nikazima. Alirudi baadaye na kueleza bila hasira kwamba sauti ile anaijua, aliisikia mara moja barabarani usiku, na hataki kuisikia ikitoka kwenye kitu kinachoweza kuzimwa na kuwashwa.

Wa pili, kijana wa miaka 20 na kidogo, alisubiri mama yule amalize kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye angependa niwashe tena. Tangu afike Uganda, alisema, kila wimbo unaopigwa mbele ya wakimbizi unawaambia wacheze, wasamehe, wawe na matumaini. Wageni wanakuja na spika na fulana, wanaimba amani, wanaondoka. Huu ni wimbo wa kwanza ambao haumwambii awe na furaha. Aliusikiliza kwa hedifoni, mgongo ameuegemeza ukutani, nyimbo nne mfululizo.

Watu hawa wawili wametoka barabara moja, pengine wiki moja. Sioni namna ya kuwaamulia, na sidhani nina haki hiyo. Ninachoweza kusema kama msikilizaji ni kwamba wote wawili walisikia kitu kilekile. Waandishi wa Ulaya walisifu albamu hii kwa ukali wake kama mtu anayesifu pilipili kwenye mkahawa. Koboko, ukali ule una anwani.

Kwa sababu hiyo kuna wimbo mmoja ambao sikumpigia mtu. Kichwa chake, kwa Kiingereza, kinamwambia mtu ajiue kabla hawajamuua. Katika aina hii ya muziki kichwa kama hicho ni ghadhabu iliyotiwa chumvi, na mpenzi wa metali hatakipepesia macho. Lakini shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilitoa tahadhari mwaka uleule wa 2020 kuhusu kujiua miongoni mwa wakimbizi katika makazi ya Uganda, njaa na upweke vikizidi. Mwalimu mmoja wa sekondari ya hapa, mtu anayependa roki na aliyeifurahia albamu kuliko wote niliokutana nao, alikuwa ameona orodha ya nyimbo kwenye simu yangu na akaniomba mapema niuruke ule. Alikuwa na mwanafunzi mawazoni. Sikumuuliza zaidi.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyeleta jambo la misiba. Alikuwa amesoma chuoni maandishi ya John Middleton, Mwingereza aliyeishi na Walugbara kuanzia mwaka 1949 hadi 1952 na kuandika kitabu kinachojulikana juu ya dini yao. Middleton aliandika pia juu ya ngoma zao za kifo: namna mtu akifa mpangilio wa watu unavyovurugika, na namna ngoma, kwa siku kadhaa, zinavyoubeba mvurugiko huo hadharani mpaka mambo yakae tena sawa. Mwalimu alisema ndiyo maana babu yake asingeshtuka na Duma. Angeuliza tu mambo mawili: marehemu ni nani, na ngoma inaisha lini. Sauti kali yenye mahali pake na siku yake si tatizo kwa Mlugbara. Sauti kali inayotoka mfukoni mwa mtu Jumanne mchana, hiyo ndiyo hajui aiweke wapi.

Nilimwambia kwamba pengine marehemu yupo. Baada ya Duma, Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, aliendelea peke yake, na mwaka 2024 alitoa albamu iitwayo The Adept kupitia lebo yake ya Haekalu. Kazi hiyo aliifanya kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mzee wa ukoo wake aliyefariki Septemba 2023, mwanamke anayekumbukwa kama jemadari wa Mau Mau aliyeishi msituni na kukaa na nywele zake za msituni hadi zilipokatwa mwaka 2022. Mwalimu alinyamaza, akaomba "Angels and Abysses", wimbo wa kwanza, uanze upya. Alisema sasa anasikia msitu. Huenda alikuwa ananifurahisha. Lakini hakuomba nipunguze sauti.

Swali la mwisho nililoulizwa Koboko na Arua lilikuwa la kawaida kabisa: inapatikana wapi? Hapo jibu linaaibisha. Santuri ziliuzwa kwa bei za Ulaya, kwa wateja wa Ulaya zaidi. Kwenye mtandao inapatikana, mradi uwe na kadi ya benki na data ya kutosha. Redio za hapa hazina sababu ya kuipiga na maduka hayana pa kuiweka. Bidhaa iliyotengenezwa Kampala na Wakenya inafika Berlin kwa urahisi kuliko inavyofika Koboko.

Vijana hawasubiri soko la pamoja, hata hivyo. Mmoja wa wanakwaya wa yule mwalimu wa Ufunuo alinifuata nje, akaniomba nimtajie tena jina la bendi, akaliandika kiganjani kwa kalamu. Alisema kinanda cha kanisa kina kitufe cha kuongeza kasi ya mapigo, na tangu zamani alitaka kujua kikibonyezwa hadi mwisho kinatoa nini. Jumapili ingekuwa vigumu. Alikuwa anafikiria Alhamisi, baada ya mazoezi, mwalimu akishaondoka na funguo zikibaki kwake.